Taa Nyekundu ya Fundi Cherehani

Kabla ya kusema "haloo", mzee alipuliza simu mara mbili, puu, puu, kama anayepoza chai. "Anayesikiliza kwa siri apate vumbi la sikio," alimwambia binti yake, na tabia hiyo hakuiacha.

Alikuwa fundi cherehani. Laini ya nyumbani ilikuwa na simu mbili, moja sebuleni, nyingine chumba cha kushonea, ng'ambo ya ua. Kwa vipuri vya redio mbovu alitengeneza saketi ndani ya kopo la vifungo: mtu akinyanyua simu yoyote, umeme wa laini unashuka, taa nyekundu inawaka.

Mvua zilipoanza, taa ikawaka naye hajagusa simu. Nyumbani walikuwa wawili tu.

"Leo umesikia nini?" alimuuliza binti, macho yakiwa kwenye pindo.

"Sijanyanyua simu, baba."

"Taa haina mdomo wa kusema uongo."

"Mimi ndiye mwenye mdomo huo?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Akaifungia simu ya sebuleni kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Taa ikawaka vilevile.

"Una ufunguo wa pili," alisema.

Kuitwa mdaku na mgeni ni kero. Kuitwa na baba ni kukosa pa kukaa. Binti akatoka mvuani, akaufuata waya ukutani hadi chini ya ukingo wa bati, pale baba alipouunga mwenyewe. Fundi mwingine angezungusha utepe wa plastiki. Yeye alikivika kiungo kipande cha kaki, akakishona kwa mkono, safi kama ukosi wa shati. Kitambaa kilikuwa chapachapa, maji yakipitisha umeme kati ya nyaya kana kwamba simu imenyanyuliwa. Binti alipokifumua na kuzitenganisha nyaya, taa ikazimika.

Mzee alikuja, akakichukua kile kitambaa, akakikamua, akautazama mshono.

"Uzi wenyewe haukuachia," alisema, akarudi ndani. Kabati akalifungua. Msamaha hakuomba.

Binti alihamia mbali kikazi. Kila alipopiga, baada ya puu, puu, mzee aliuliza, "Nani yuko hapo pembeni yako?" Naye binti alikata simu bila kujua kama aliwahi kuaminiwa.

Mara ya mwisho pumzi za mzee zilikuwa haba. Akapuliza mara moja tu, asiulize nani yuko pembeni.

"Kikulacho, mama," alisema, "nilikishona mwenyewe."