Insha Saba Zilizofanana za Mwalimu Kerubo

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, ukumbi wa kanisa moja mjini Arlington, Texas, unanukia kahawa. Kerubo Nyakundi, 46, amesimama mbele ya wanafunzi saba, riwaya ya Kimarekani mkononi. Ubao u mtupu, naye hana nia ya kuandika chochote.

Mwezi uliopita asingekubali ubao ukae hivyo. Kisii, Kenya, alikofundisha fasihi miaka kumi na minne, mwalimu husoma maelezo, mwanafunzi hunakili, kisha huyakariri hadi siku ya mtihani. Tangu ahamie Marekani anahudumia wazee kwa dola nane na nusu kwa saa. Jumamosi huwafundisha bure watoto wa Wakenya na Wakongo, na mtindo ulikuwa ule ule wa Kisii.

Wiki mbili zilizopita mambo yalienda mrama. Saba hao, wote wa darasa moja shuleni, walipeleka insha kuhusu mjane wa riwaya hiyo, anayehama shamba lake na kuacha mlango bila kufuli. Wote waliandika, neno kwa neno, kwamba mlango ule ni uhuru. Mwalimu wa shuleni akawapa sifuri na kuwaita wezi.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Kerubo. "Hawakuibiana. Ni mimi niliwaambia wa-copy."

Alikwenda shuleni kukiri. Wanafunzi wakaruhusiwa kuandika upya, mwisho Jumatatu. Kwa Merveille Wilondja, 18, mzaliwa wa Uvira, Kongo, nafasi hiyo ndiyo ya mwisho: akishindwa, hahitimu Mei hii.

Kerubo anamuuliza kwa nini mjane hakufunga. Merveille anatazama meza, akingoja kuambiwa. Kerubo anajizuia kumpa jibu, na kujizuia huko kunamchosha kuliko zamu ya saa kumi na mbili mfululizo kwa wazee.

"Mama yangu naye hakufunga tulipokimbia, Mwalimu," anasema binti hatimaye. "Juu ya waasi, wasivunje mlango. Alijua tutarudia nyumbani."

Kerubo ameisoma riwaya hiyo mara nne bila kuliona hilo. Anaona haya, na anafurahi. Anamwambia aandike hivyo hivyo.

Juni, Kerubo anakusudia kufanya mtihani wa leseni ya ualimu wa Texas, arudi darasani kwa mshahara. Lakini sasa Merveille ameinua kichwa, anauliza itakuwaje akikosea.

"Basi utakuwa umekosea peke yako," Kerubo anamjibu. "Hakuna atakayekuita mwizi."