Kura ya Mwalimu Onesmo

Watu wa Mivuleni, kijiji kilichokuwa njia ya kwendea Maneromango, walimchagua Mwalimu Onesmo kuwa diwani mwaka 1966 kwa sababu alikuwa haogopi kusema. Walimtuma jambo moja tu: zahanati. Matofali waliyafyatua na kuyachoma wenyewe, na wanawake wakachota maji ya kukandia udongo kutoka kisima cha bondeni. Mama yake Onesmo, Bi Marselina, alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshapita miaka sitini, lakini hakukosa hata asubuhi moja.

Mwaka uliofuata baraza lilikutana Kisarawe. Zahanati ilikuwa moja, na vijiji vilivyoigombea vilikuwa viwili: Mivuleni, na Mkongeni iliyokuwa ndani kabisa porini, kata nyingine. Onesmo akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mgonjwa wetu anakwenda kwa miguu kliniki ya misheni na kurudi kabla ya mchana. Mjamzito wa Mkongeni anabebwa kitandani kutwa nzima. Mwezi uliopita mmoja alifia njiani. Mimi naipigia Mkongeni."

Wenzake waligeuka kumtazama kama mtu aliyepandwa na homa. Mkongeni ikashinda kwa kura moja.

Aliporudi aliitisha mkutano mwenyewe, akawaeleza bila kuficha. Twalibu, mkulima wa mikorosho aliyempigia kampeni nyumba kwa nyumba, alisimama.

"Mwalimu, sisi tulikutuma nini?"

"Zahanati."

"Iko wapi?"

"Mkongeni, ndugu yangu. Wale wana shida kuliko sisi."

"Basi wao ndio wakuchague."

Watu wakainuka, wakaenda zao. Nyumbani alimkuta mama yake anachambua mchicha.

"Uliyosema huenda ni kweli, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Lakini kila siku ulikuwa unaniona napanda kile kilima na ndoo kichwani. Mbona hukuniambia?"

Onesmo akaichukua ndoo, akashuka kisimani.

Uchaguzi ulipofika, Twalibu alichukua kiti. Onesmo aliambulia kura kumi na tisa. Asubuhi yake mama akamjia, akakaa kwenye kigoda.

"Mimi nimempa Twalibu. Sikutaka uje kuyasikia kwa watu."

"Nimesikia, mama."

Onesmo akazunguka nyuma ya nyumba, akalia kama mtoto.

Miaka mitatu baadaye nesi wa misheni alistaafu, na mwingine hakuletwa. Kliniki ikafungwa. Masika hayo Bi Marselina alishikwa na kichomi. Onesmo alipita mlango hadi mlango kuomba wabebaji, huku akijua kila mlango ulikuwa na haki ya kumfungia. Wa kwanza kutoka alikuwa Twalibu. Alishika mguu wa mbele wa kitanda, Onesmo akashika wa pili, wengine wawili nyuma, wakaenda kwenye matope yaliyofika magotini. Hawakufika hospitali ya Kisarawe. Mama alikata roho wakiwa wanavuka kijito.

Twalibu alivua shati lake, akamfunika uso. Onesmo alingoja neno, hata tusi. Njia nzima ya kurudi Twalibu alikuwa akisema tu, "Taratibu hapa, Mwalimu, panateleza."

Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ya kuwakusanya watu pamoja ilipofika, malori yaliwashusha watu wa Mkongeni hapo hapo Mivuleni. Zahanati yao iliachiwa popo. Mwanamke mmoja alimsogelea Onesmo, amemshika mkono binti mdogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu alizaliwa kule, kwenye zahanati yako. Alitanguliza miguu. Bila nesi tusingepona."

"Marahaba," alisema Onesmo. Akachukua jembe, akaenda kuwasaidia kuchimba mashimo ya nguzo.

Hakuomba kura tena. Alifundisha kisomo cha watu wazima mpaka macho yalipochoka. Kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma kabisa, na mwenyekiti alipotaka mikono juu, wengi walimgeukia kwanza wamwone atafanyaje. Yeye alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, anatazama chini.