Mkate Ulivyomponza Sungura wa Mume Wangu

Tulikuwa watu watano na sungura mmoja. Mimi mwenyewe; mume wangu, Mungu amrehemu; mdogo wake wa kiume, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akichinja kuku na mbuzi wa mtaa wetu wote; dada yao mkubwa, wifi yangu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu; na bwana mifugo, kijana wa bara, asiye ndugu yetu, ila mama yake mdogo aliolewa kijijini Sudi na binamu wa mume wangu, kwa hiyo ukivuta uzi utamfikia. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Sikuyaandika kwa sababu walio hai sijawaomba ruhusa, na waliotangulia siwezi tena kuwaomba. Sungura naye alikuwa na jina, ila lilikuwa la msimamizi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa na meno marefu ya mbele, kwa hiyo hilo nalo naliacha.

Tulikuwa tunakaa Mingoyo, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sungura aliletwa na mkwe wetu wa Rondo, ndani ya kapu, pamoja na mihogo, tumle sikukuu. Sikukuu ikafika, mume wangu akasema, "Huyu bado mdogo." Tukala kuku. Ikafika sikukuu ya pili, sungura keshakuwa mkubwa kama paka, akasema, "Huyu sasa keshatuzoea." Nikaenda kukamata kuku mwingine, maana nilijua kilichomo moyoni mwake.

Shamba la mkonge alilofanyia kazi tangu ujana lilikuwa limefungwa. Mwaka mzima mume wangu alikuwa akiswali alfajiri, anarudi kulala mpaka jua la utosi. Haumwi, hana homa, ila hana la kuamkia. Njaa niliizoea, lakini mtu mzima anayelala mchana usoni kaelekea ukutani, hilo lilinitisha. Alipokuja sungura akaanza kuamka. Anafagia banda, anabadilisha maji, anamsimulia habari za mkonge. Siku moja nikamsikia uani anacheka peke yake, nikaacha kuosha vyombo nisikilize.

Sasa nije kwenye mkate. Aliyezaliwa juzi hawezi kujua mkate ulikuwa nini kwetu. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya sabuni, na mkate tuliusikia kwa watu waliofika Lindi mjini. Ilipokuja ruksa, mikate ikawa imelala dukani kila asubuhi, myeupe, laini, hakuna anayekuuliza kibali. Mume wangu wakati huo alikuwa kabakiwa na meno manne, na mkate wa kuchovya kwenye chai ndio uliokuwa riziki yake. Nikikata vipande vyake, ananiuliza, "Na mwenzangu?" Basi namkatia na sungura. Mkate asubuhi, mkate jioni, mara nyingine umelowa chai ya maziwa. Majani tulikuwa hata hatumpi, tukiona ni kumdhalilisha.

Shemeji yangu akija anatikisa kichwa. "Kaka, sisi umetulea kwa mihogo mikavu. Huyu anakula kama mwarabu."

"Wivu huo," mume wangu anamjibu.

Miezi ikapita hivyo. Kisha wiki moja nikaona sungura anachukua kipande cha mkate, anakiangusha, anachukua tena, anakiangusha. Kidevu kimelowa mate. Nikamfunua mdomo, nikashtuka. Meno ya chini yamepanda juu yamejikunja kama pembe za beberu, na jino moja la juu limevunjika, ufizi umevimba na usaha.

Bwana mifugo alikuja Jumatano asubuhi na baiskeli yake. "Shikamoo mama, shikamoo baba. Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi, lakini chuoni sungura tulimsoma." Akamchoma sindano ya kumlegeza, nikamshika kwenye kanga, wifi yangu akashika miguu ya nyuma. Mume wangu alisema atasimama karibu. Koleo ilipotoka kwenye maji ya moto, akaenda kusimama barabarani.

Yule kijana aliyakata yale marefu, kidogo kidogo, yakawa sawa. Lile bovu akaling'oa. Lilikuwa na mzizi mrefu kuliko nilivyodhani mnyama mdogo vile anaweza kuwa nao. Akasafisha, akampiga sindano nyingine ya dawa, akanawa mikono, ndipo akaniuliza, "Anakula nini huyu?"

Nikamwambia kwa fahari kabisa. Mkate.

"Mama," akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosa adabu, "meno ya sungura yanakua siku zote, kama kucha zetu. Kinachoyapunguza ni kutafuna majani. Mkate hautafunwi."

Wifi yangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Miezi yote ile nilidhani nampenda, kumbe nilikuwa namfungia mdomo.

Akatuachia masharti. Twange matembele laini, tuchanganye na maji, tumlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku tukiamka. Kisamvu kibichi tusithubutu, kina sumu. Mdomo tuupanguse kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Na tumwekee majani ya ukoka karibu, maana tumbo la sungura halitaki kupumzika, likisimama ndiyo basi. "Dawa yenyewe ni ale mwenyewe," akasema. "Siku mbili tatu asipotafuna, sina la kuongeza."

Shemeji yangu alikuja jioni, akamtazama pale kwenye kanga, macho nusu. Akamvuta kaka yake pembeni, lakini uwanja wetu ulikuwa mdogo, nikasikia yote.

"Kaka, usimwache afe kibudu. Mnyama wa halali, afe hivi hivi tumtupe shimoni? Hiyo dhambi yako."

Mume wangu akasema, "Ijumaa. Tukitoka msikitini, kama hajala kwa meno yake mwenyewe, mchinje. Ila usimchinjie hapa."

Neno alilotoa mume wangu halikuwa linarudi. Nilijua, na shemeji alijua.

Alhamisi yote nilimpakata. Bomba moja, napumzika, bomba jingine. Nusu inaingia, nusu inanimwagikia, kanga yangu ya kutokea ikawa kijani mpaka leo. Wifi yangu akapita mlangoni.

"Hongera wifi! Umejifungua mtoto gani?"

"Wa kiume, wifi."

"Kafanana na baba yake. Meno hana."

Mume wangu akajifanya hajasikia. Kazi yake yeye ilikuwa kukagua banda. Akikuta kinyesi, hata vidonge vitatu, ananiletea habari kama mtu aliyepata barua. "Vipo! Vitatu! Vidogo, lakini vipo!" Lakini ukoka ulikuwa palepale. Tuliubadilisha mara tano, sungura anaunusa, anageuza uso.

Mchana ule moyo ukanidanganya. Nikasema mgonjwa aliyeng'olewa jino hapewi majani magumu, hata binadamu tunampa kitu laini. Nikachukua kipande cha mkate nikakilowesha maziwa kwenye kikombe, nikakificha chini ya kanga. Mume wangu akaniona. Hakunigombeza. Alikichukua kile kikombe mkononi mwangu, akala ule mkate wote yeye, amesimama, akasema kuutupa ni kufuru. Kisha akanirudishia kikombe kitupu.

Ijumaa wanaume wakaenda msikitini. Shemeji alipitia kwetu kwanza, kavaa kanzu, kisu kakifunga kwenye gazeti kakiweka juu ya dirisha letu. Wifi yangu akaja kukaa nami, nadhani alinionea huruma ingawa asingekubali kusema. Akaleta kazi yake, ukili wa kushonea mkeka, utepe wa majani ya mkindu, akakaa kwenye jamvi anasuka na kusema maneno yake, fulani kaachwa, fulani kaolewa tena. Ule uliokwisha sukwa umejiviringisha nyuma yake. Nami nilikuwa nimechoka. Nikamshusha sungura chini, nikaegemea nguzo.

Niliamshwa na yowe.

"We mwana haramu! Ukili wangu!"

Sungura alikuwa kaushika ule ukili kwa pembeni mwa mdomo, upande wa magego, anautafuna. Taya linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na sauti yake kama mtu anayekwangua kifuu. Wifi akauvuta, naye akauvuta. Wifi kanyanyua kiatu. Nikamdaka mkono.

"Wifi, muache! Nakuomba, muache ale!"

"Ale kazi yangu ya siku mbili?"

"Ale hata mkeka mzima!"

Wanaume walipofika walitukuta mimi nimemshika wifi mkono, wifi kashika kiatu, na sungura anaendelea. Shemeji akachukua kisu chake dirishani. "Haya kaka. Kala?"

"Ukili si chakula," akajijibu mwenyewe. "Huyu hajala, huyu kaharibu."

Mume wangu alimgeukia dada yake. Kumbuka wifi yangu alikuwa na hasira kweli, na mtu mwenye hasira hapindishi ushahidi. "Dada, sema wewe. Kala au hajala?"

"Kala! Kala pima nzima ya ukili wangu, na mtaulipa!"

"Umesikia," mume wangu akamwambia mdogo wake.

Shemeji alitutazama wote watatu, akachuchumaa na kanzu yake, akachukua unyasi mmoja wa ukoka akamwekea mdomoni. Sungura akaunusa. Akauingiza pembeni, ukapungua, ukapungua, ukaisha. Shemeji akachukua wa pili. Alipofika wa sita, kisu kilikuwa chini na yeye mwenyewe kakaa mchangani, kanzu nyeupe imeshiba vumbi.

Mume wangu alichukua mundu akatoka kwenda kukata ukoka kando ya barabara, na tangu siku ile akawa anatoka kila alfajiri akishaswali, anarudi na umande miguuni. Mkate akaacha kumpa. Sungura aliishi miaka mingine minne.

Wifi yangu yu hai, na anasema si ukili, ulikuwa mkeka uliokwisha shonwa, mzima, na kwamba yeye ndiye aliyemshusha sungura chini. Mimi nimeandika nilivyoona, na nimekiri nilisinzia. Kama ulikuwepo Mingoyo miaka ile, au mama yako alikusimulia tofauti, uje uniambie nilipokosea. Uje tu na shahidi.