Daktari Aliyemkataza Mwenda Kukimbia

Harufu ya dawa ya kuchua misuli hunikuta popote nilipo na kunirudisha Ruiri, kwenye baraza ya Daktari Muriungi. Ilikuwa harufu kali ya kafuri na mkaratusi iliyochoma pua kabla hujafika langoni, na nyuma yake ilikuja harufu tamu ya uji wa wimbi aliokuwa akipika mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Daktari. Upepo wa Ruiri haupumziki, hasa miezi ya kiangazi, na vumbi lake huingia hata kwenye chumvi. Lakini pale barazani palimwagiwa maji kila asubuhi, pakawa pahali pa pekee pa baridi katika kijiji chetu. Wanariadha waliketi kwenye benchi ndefu, suruali zimekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya makarai ya maji vuguvugu. Daktari mwenyewe alichuchumaa chini na kuiosha, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu alisema huwezi kuujua mguu wa mtu kabla hujauosha. Hao walikuwa watu waliokimbia mbio za Ulaya, wengine tumewaona magazetini, na mzee wa mvi anawasugua visigino kama mama anayeogesha mtoto.

Tulijua kwamba zamani alikuwa daktari wa timu ya mpira huko Nairobi, na kwamba siku moja aliacha kazi hiyo akarudi nyumbani kujenga kliniki ya mabati mekundu. Kwa nini aliacha, hatukujua. Wakimbiaji walimfuata huku huku, na kambi yao ya mazoezi ikahamia karibu naye. Lakini hawakuwa wao peke yao. Watoto wenye kikohozi walipita mbele ya mabingwa, na wazee wenye magoti mabovu walipakwa dawa ile ile ya wakimbiaji. Nyanya mmoja jirani yetu alikuwa akitoka pale akichechemea na kututangazia njiani kwamba sasa yuko tayari, tumtafutie wa kushindana naye.

Mimi nilikuwa msichana wa kuulizauliza. Shuleni maswali yangu yalinipatia viboko, kwa hiyo mara nyingi niliishia barazani, nikijificha nyuma ya pipa la maji mpaka Daktari aliposema, bila kugeuka, kwamba pipa lake limeota miguu. Nilimwuliza kwa nini jasho lina chumvi, na kwa nini moyo hauchoki ilhali miguu huchoka. Alinijibu kama mtu mzima mwenzake, na pale asipojua alisema hajui, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu yeyote. Siku moja alinivisha masikioni mipira yake ya kusikilizia moyo, akaniwekea kile kidude baridi kifuani mwangu mwenyewe.

"Niambie ni kama nini," akasema. "Na usiseme ngoma. Kila mtu husema ngoma."

Nilisikiliza, nikamwambia ni kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya jirani. Alicheka mpaka mabingwa wakacheka naye, na tangu siku hiyo akawa ananiita kila moyo mpya ulipokuja. Nilisikia mioyo ya wakimbiaji, ya polepole kama mzee apandaye kilima. Nilisikia hata wa mbuzi wetu.

Kaka yangu Mwenda ndiye aliyekuwa tumaini la nyumba. Baba alikuwa amefariki, na Mama alitulea kwa viazi alivyopeleka soko la Gakoromone. Mwenda alikuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia, na alikimbia kama mtu aliyetumwa na asiyetaka kuchelewa. Msimu ule wa kiangazi, wakala mmoja wa wakimbiaji alimwona kambini akaahidi kumchukua Ulaya. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kupimwa na Daktari, na hilo tulilihesabu kuwa jambo dogo, kwani Daktari si wetu? Mama hakungoja. Alichinja mbuzi yule niliyemsikiliza moyo, akaita kanisa zima, mchungaji akamwombea Mwenda safari ya ndege na akamwekea mikono kichwani mpaka nikaogopa atamvunja shingo. Wanawake waliimba. Mwenda aliagwa na kila mtu.

Siku chache baadaye alienda kupimwa, nami nikamfuata. Daktari aliweka kidude kifuani mwa Mwenda, akatulia. Akamwamuru arukeruke, akasikiliza tena. Akamwamuru achuchumae, asimame, akasikiliza tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Kisha akaniita kwa mkono na kunivisha mipira bila kuniuliza ni kama nini. Nilisikia. Kati ya kutwanga na kutwanga palikuwa na sauti nyingine, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Nilimtazama Daktari, naye akanitazama. Mwenda alikuwa akifunga vifungo vya shati huku akitania kwamba Daktari anatafuta moyo wake ilhali aliuacha kwa msichana wa kambini.

Daktari mwenyewe alimpeleka hospitali ya mjini Meru, moyo ukapigwa picha. Waliporudi, Daktari alikuja hadi jikoni kwetu jioni, kuku wakiwa bado hawajaingia, akaketi kwenye kigoda. Alieleza kwamba ukuta wa moyo wa Mwenda umenenepa upande mmoja, kwamba ni maumbile ya kuzaliwa nayo, na kwamba akikimbia mashindano moyo unaweza kusimama ghafla. Anaweza kulima na kuoa. Anaweza kutembea mpaka Isiolo akitaka. Lakini asishindane tena maishani.

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.

"Daktari, weka sahihi tu. Mengine tumwachie Mungu."

"Mama Mwenda, Mungu ameshaniachia mimi hili."

"Ni karatasi tu. Mtoto mwenyewe hasikii uchungu wowote. Tumeshamuaga. Sasa niambie, watu waliokula mbuzi wangu nitawaambia nini?"

Daktari alitazama moto. "Waambie ni mimi niliyekataa," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Nimewahi kuweka sahihi kama hiyo."

Hakuna aliyemwuliza maana yake. Mwenda alitoka nje akapiga teke ndoo ya maji. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini sisi hatukuficha maradhi. Tulikataa tu kwamba yapo.

Mtu aliyeagwa na asiondoke ni mzigo kwa kijiji. Kila Mwenda alipoenda dukani aliulizwa, "Kumbe bado uko?" na wengine, wakicheka, walimwuliza kama Ulaya siku hizi iko nyuma ya posho mill, kinu chetu cha unga. Mama alifanya kama alivyoambiwa: alisema ni Daktari aliyekataa. Neno hilo lilipotoka kwetu lilikuwa dogo, lakini lilipofika sokoni lilikuwa limeota pembe. Walisema Daktari amempa nafasi ya Mwenda kijana wa ukoo wake. Walisema wakala amempaka mafuta mikono. Walisema mzee aliyeosha miguu ya wengine hawezi kuvumilia kuona wa jirani akipanda ndege. Nilikuwa nyumba ile ile, na masikio yangu yalikuwa yamelisikia lile gunia. Ningeweza kumwambia Mama, ningeweza kumwambia nyanya wa magoti. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeniuliza, mimi niliyezoea kusema bila kuulizwa. Ukweli ni kwamba nami nilitaka Ulaya. Mwenda alikuwa ameniahidi viatu.

Kliniki ilianza kupungukiwa na watu. Akina mama walibeba watoto wenye homa wakapita mbele ya lango lake, macho mbele, wakangoja gari la kwenda mjini. Wakati huo Mama Daktari alimtuma mtu kwetu na kiondo, kikapu cha kusokotwa, ndani yake njahi, yale maharagwe meusi, sukari na mkate. Kwetu jambo hilo linajulikana. Mtu akikuletea kitu kwenye kiondo, humrudishii kitupu. Utatia hata viazi vitatu, hata kiganja cha majani ya chai, ili kiondo kiende kikijua njia ya kurudi. Mama aliipika njahi ile, nasi tukaila tumenuna, kwa maana njaa haina kisasi. Kisha alikikung'uta kiondo juu chini mbele yetu na kunipa.

"Peleka hivyo hivyo," akasema.

Njiani palikuwa na mapera yaliyoiva, mengine yameanguka chini, na mkono wangu ungeweza kuokota. Sikuokota. Nilimkuta Daktari barazani peke yake, benchi tupu. Alikipokea kiondo kwa mikono miwili, na nilimwona akihisi wepesi wake. Hakuangalia ndani. Alisema, "Msalimie Mama. Na umwambie Mwenda..." Sikumsikia akimaliza. Nilikuwa nimeshageuka na kukimbia.

Kambi ilihamishwa, na mwaka uliofuata Daktari na mkewe waliondoka. Walikwenda Ishiara, nyumbani kwa mke, na kijiji kikapata kicheko kingine: mwanamume mzima kuhamia kwa wakwe. Asante ya punda ni mateke.

Mimi sikukaa sana shuleni baada ya hapo, wala mahali popote. Niliuza nyanya Gakoromone, nikachuma chai Embu, nikapika chapati kwenye kibanda karibu na uwanja wa michezo. Kibandani pale palikuwa na mteja mmoja, zamani golikipa, sasa mshona viatu, na nilipotaja Ruiri aliniuliza kama nilimjua Daktari Muriungi. Aliniambia, chapati ikipoa mkononi, habari za mchezaji mwenzao aliyelalamika kifua kabla ya mechi kubwa. Timu ilimtaka. Daktari alisitasita, wakubwa wakamsihi, akaweka sahihi. Kijana alianguka kipindi cha pili, akafa kabla ya kufika hospitali. "Hakuna aliyemlaumu," golikipa akasema. "Alijilaumu mwenyewe mpaka akaacha kazi." Nililala na maneno hayo miaka mingi bila kuyafanyia kitu. Ishiara haikuwa mbali. Nilienda miji ya mbali zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Mwaka jana nilifika Ishiara kununua maembe ya kuuza, nikaulizia. Daktari alikuwa ameshazikwa. Nilimkuta Mama Daktari akipeta pojo uani, mwembamba, macho yameingia ukungu. Nilipiga magoti nikamwambia mimi ni Nkatha, dada yake Mwenda wa Ruiri. Ungo ulisimama.

"Bado yuko hai?"

"Yuko hai, Mama. Analima viazi. Ana watoto."

Alifunga macho. Akaniambia kwamba kila jioni, mpaka mwisho wake, mzee alisikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya Kimeru. Chakula kingepoa, hakuna aliyeruhusiwa kusema. Akisikia yameisha na jina la Mwenda halimo, alizima redio, akanawa, akala. Nilitaka kuomba msamaha, lakini maneno yalikuwa madogo, na yeye hakunipa nafasi.

"Umesema ana watoto. Wamepimwa? Ugonjwa ule huenda na damu. Daktari alituma neno hilo kwenu. Siku ile ya kiondo alimtuma mtoto."

Sikumwambia mtoto huyo alikuwa nani. Nadhani alijua.

Nilirudi Ruiri bila maembe. Mwenda alikuwa shambani akipulizia viazi dawa, pampu mgongoni, na mwanawe wa kwanza, Gitonga, alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mbio. Kwa miaka yote Mwenda alikuwa akimtaja Daktari kwa neno moja tu: yule aliyeninyima. Nilimweleza yote, hata gunia, hata mapera, hata neno nililolikimbia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kila jioni?" Nikamwambia kila jioni. Alitua pampu, akaenda hadi mwisho wa shamba akasimama huko amenipa mgongo.

Tulimpeleka Gitonga hospitali ya Meru. Siku hizi hakuna kuosha miguu; kijana hulala kitandani, mashine huonyesha moyo ukicheza kwenye kioo, na daktari, msichana mdogo kuliko mimi, hueleza huku akielekeza kidole. Ukuta umenenepa upande mmoja. Gitonga alimtazama baba yake, si daktari, akingoja aseme kwamba ni uongo. Mwenda ndiye aliyemwambia. Alisema kwa kinywa chake kwamba mbio zimeisha.

Ruiri ya sasa ina lami, na ile kliniki ya mabati mekundu ni duka la dawa za mifugo. Mama ni mzee, hukaa juani, na nilipomsimulia alisema tu kwamba njahi ile ilikuwa nzuri, kisha akajifunika uso kwa leso. Tuliokula mbuzi bado tuko wengi, na kila mmoja anakumbuka safari iliyoharibika. Kumshukuru mtu kwa msiba ambao haukutokea, hilo hatukufundishwa. Gitonga hamsemeshi baba yake. Hula amegeuka, huitwa asiitike, na mamake anaumia. Jioni moja aliniomba nizungumze na kijana. Mwenda alinizuia kwa mkono.

"Mwache anune," akasema. "Anayenuna anapumua."