Vilele Vinne Visivyo na Mwenyewe

Mke wangu Atupakisye ana ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe na mwenyewe. Akikuta kijiko kigeni jikoni kwetu hapa Msasani ya Tukuyu, hapumziki mpaka akirudishe kwa jirani. Alizaliwa Matwebe, kwa wazazi waliouza ndizi ili asome. Akawa mwalimu wa kemia, na mwaka 1993 akapewa likizo ya masomo, akaenda Dar es Salaam kutafuta shahada ya pili. Nilidhani chuo kitamtibu. Kikamzidishia.

Kazi yake huko ilikuwa kuchunguza utomvu wa mti ambao baba yangu, Mzee Ambindwile wa Masukulu, huwapaka watu kwenye vidonda. Dawa iliyochujwa humo ilipelekwa nje ya nchi, kwenye mashine yenye sumaku kubwa, ikarudi karatasi yenye mstari uliojaa vilele. Alinieleza mara nyingi, hata nisipouliza. Kila chembe ya hidrojeni iliyomo kwenye dawa hutoa kilele chake, na mahali kinaposimama panaonyesha inakaa na majirani gani. Unapita kilele kwa kilele ukisema hiki ni cha fulani, hiki cha fulani, mpaka umbo la dawa nzima lijulikane.

Vilele vinne vikakataa. Wenye vilele vingine walipatikana wote, nao walionyesha dawa ambayo wataalamu walishaiandika zamani. Tumaini lake likabaki kwenye hivyo vinne: akivipatia mahali, ana dawa mpya na shahada imepatikana. Asipovipatia, likizo inaisha Desemba na anarudi darasani mikono mitupu. Akarudi nyumbani na kazi yake, meza yetu ikajaa karatasi, tukawa tunakula tumepakata sahani. Alichora, akafuta, akachora tena. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama wewe ndiye unayejua kilele cha tatu ni cha nani.

Mwishowe akasema huenda kuna kitu kimeingia kwenye utomvu wenyewe. Je, ulihifadhiwa kwenye nini? Hapo ndipo balaa langu lilipoanza, kwa sababu kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Haonani naye, haongei naye, hata jina lake halitaji, tunaita ukutila. Mchungaji alishahubiri kwamba mambo hayo yaachwe, baba akajibu kwamba mchungaji aanze kuacha ya kwake. Kwa hiyo niliulizwa mimi, nikateremka Masukulu kumwuliza baba, nikapanda na jibu: pasafi. Nikarudishwa kuuliza pasafi wapi. Jibu: pasafi kabisa. Mimi ni fundi mitambo wa kiwanda cha chai, si bomba la maneno. Nilipotumwa tena, nikamwambia mke wangu twende wote akaulize mwenyewe.

Akaja kweli. Baba alipoona khanga inaingia uani, akatokomea migombani upesi kuliko umri wake unavyoruhusu. Atupakisye akajifunika kichwa, akasimama kando ya jiko akiutazama ukuta. Mimi nikabaki katikati kama mjinga.

"Mwambie baba," akasema, "pasafi ndiyo wapi?"

Nikarudia kwa sauti. Jibu likatoka migombani: "Mwambie mama yako amwonyeshe."

Mama akaleta utomvu uliobaki. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa cha meza cha plastiki, vile vya maua mekundu vilivyojaa madukani Tukuyu tangu bidhaa za nje ziruhusiwe. Atupakisye mwenyewe alikuwa amekinunua kuwapelekea Krismasi.

"Siku zote tunafungia majani ya mgomba," mama akasema. "Lakini baba yako alisema kitu cha mkamwana cha kwenda chuo kikuu hakifungwi kwa majani. Akakata hiki, kipya, hakijaguswa na mtu."

Kwa baba, safi ni kipya. Kwa mke wangu, safi ni kile kisichoongeza chochote. Alikikunja kile kitambaa, kikakatika; pale utomvu ulipokigusa kilikuwa kimekauka, kimekuwa kigumu.

"Mafuta ya kulainishia plastiki yamehamia kwenye utomvu," akasema. "Lutufyo, mwaka mzima nimekitafutia kitambaa cha meza mahali pa kukaa ndani ya dawa."

Akalia kwa hasira. Hata mimi nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani: baba, wenye maduka, au huyu aliyechagua maua mekundu. Dawa mpya haikuwepo. Hata utomvu mwingine usingemsaidia, maana ukiondoa vile vinne, kinachobaki ni dawa ileile ya zamani.

Baba akauliza kutoka migombani: "Muulize, nimeharibu?"

Atupakisye akauambia ukuta: "Mwambie ndiyo."

Nilikuwa nimebeba maneno yao yote bila kupunguza hata moja. Hilo likanishinda.

"Baba, anashukuru," nikasema. "Anasema ndaga."



"Nimemsikia," baba akasema. "Mwambie kesho naenda mlimani kumchukulia utomvu mwingine. Nitaufunga kwa majani."

Migomba ile iko jirani kabisa na jiko, na baba hajui kuongea chini. Kila neno lake lilimfikia Atupakisye. Hata hivyo mke wangu alibaki ameuelekea ukuta, akinisubiri. Nikamwambia. Akafuta macho kwa khanga, akasema nimwambie baba ndaga.