Mkia wa Kingori

Kingori wa Gatitu alikuwa na imani moja tu maishani, na haikuwa ile ambayo mkewe alimburutia kanisani kila Jumapili. Aliamini kwamba fyuzi ni uoga wa watengenezaji.

"Hawa watu wanaogopa kila kitu," angesema akiwa amelala chali chini ya dashibodi ya mtu, miguu ikining'inia nje ya mlango. "Ati waya ikipata moto kidogo, fyuzi inajiua. Si gari ivumilie? Sisi hatuvumilii?"

Chuo cha ufundi alikiacha katikati. Mwalimu wa umeme alikuwa amemaliza muhula mzima akieleza mambo yanayoweza kwenda vibaya, na Kingori aliona huyo ni mtu wa kuvunja vijana moyo. Basi taa za mbele zikikataa kuwaka, na kila fyuzi mpya ikiungua mara tu inapowekwa, hakujisumbua kutafuta mahali waya ilipochubuka ikagusa bodi ya gari. Kutafuta ni kazi ya mafundi wasio na wateja. Yeye alichomoa uzi wa shaba, akauzungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyokufa, akamalizia kwa kitanzi kidogo kilichojikunja kama mkia wa nguruwe, kisha akairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Mteja akacheka. Wachoraji huandika jina pembeni mwa picha. Kingori aliacha mkia.

Ilikuwa mikia mingi. Lori la maziwa lilikuwa nao. Gari la padri lilikuwa nao. Hata lile linalobeba maiti kutoka mochari lilikuwa nao, na abiria wake hawakuwahi kulalamika.

Siku moja ya Julai, Garad aliingia uani kwa Kingori na Pijo yake nyeupe ya zamani. Garad alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, mtu mpole, na gari lake alililaza kando ya ghala la nyasi, ambako panya walikuwa wamehamia ndani ya boneti na familia zao.

"Fundi, naweka fyuzi, nawasha taa, pap, imekufa," alisema. "Kuna kitu inaiua."

"Inauawa na kuzaliwa fyuzi," Kingori akamjibu, na akazama chini ya dashibodi. Boneti hakuifungua.

Chai ya fundi ilikuwa bado haijapoa, taa zilikuwa zinawaka.

"Hiyo haiungui tena mpaka Yesu arudi," alisema Kingori.

"Mimi ni Mwislamu, fundi."

"Basi wewe ndio hata utangoja zaidi."

Garad alicheka, akauliza kama kuna kitu fundi anahitaji Nanyuki. Kipo, Kingori akasema. Binti yake Tabby alikuwa ameajiriwa uuguzi huko na alikuwa anaripoti leo. Alimwita, akampakilia sanduku juu ya nyasi zilizojaa nyuma, akamketisha kiti cha mbele, na akaufunga mlango mwenyewe kwa kuupiga nyonga, maana ulihitaji kubembelezwa. Ule mkia ulimpitia kichwani, akaupungia mkono. Jua lilikuwa linawaka. Swichi ya taa ikiwa imezimwa, mkia hulala. Wangefika Nanyuki mchana kweupe.

Alivuka barabara hadi kibanda cha Watiri, akaagiza chai nyingine. Alikuwa anakaribia kuimaliza alipoingia Munyao, polisi wa trafiki, Mkamba ambaye baridi ya Nyeri ilikuwa imemvalisha sweta mbili chini ya yunifomu.

"Ukungu umeshuka Chaka, hapo njia ya Nanyuki," alisema akisugua mikono. "Huoni hata pua yako. Tumeamrishwa kila gari iwashe taa. Asiyewasha, analala kwetu."

Kingori aliweka kikombe chini.

"Ni vizuri nimekupata, fundi," Munyao akaendelea. Alitoa mfukoni karatasi ya mandazi iliyokunjwa, ushahidi wa serikali, akaifungua juu ya meza. "Hii imetoka kwa gari iliyoungua juzi barabara ya Kiganjo. Mwenyewe ametokea dirishani. Mikono imeenda."

"Imeenda wapi, afande?" Watiri akauliza.

"Iko ndani ya bandeji, mama. Daktari ndio anajua imebaki nini." Alisukuma karatasi mbele. "Hii ni nini?"

Plastiki ya fyuzi ilikuwa imeyeyuka ikawa donge jeusi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesalia kama kilivyotengenezwa. Kilikuwa kimejikunja vizuri, kimetulia, kama kinachomtambua baba yake.

"Hiyo ni kazi ya mafundi wa Karatina," Kingori alisema.

Alitoa simu, akampigia Tabby. Hapatikani. Akampigia Garad. Ikaita mpaka ikachoka, kwa maana Garad hakushika simu akiendesha. Nje, ukungu ulikuwa umefika kinu cha unga. Ukakimeza, ukaanza kuja na barabara bila haraka.

"Huyo mjinga wa Karatina nikimpata," Munyao alisema, akikunja karatasi, "atajua mimi."

"Baba Tabby, mbona umekauka hivyo?" Watiri akauliza.

Kingori alikuwa anaangalia mahali kinu kilipokuwa. Alimwona Garad akinyoosha mkono kwenye swichi. Akaona waya ikianza kutoa jasho.

"Munyao," alisema. "Pigia wenzako Chaka. Wasimamishe Pijo nyeupe. Wasiache iwashe taa."

"Kwa nini?"

"Hiyo waya ni yangu. Na msichana wangu yuko ndani."

Munyao alimtazama kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyezungumza. Kisha akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

"Pijo ya Msomali na msichana?" ilijibu sauti ya Chaka. "Imetoka hapa saa hii. Haikuwa na taa, nimemwambia awashe."

"Akawasha?"

"Akawasha. Taa safi, kama ya harusi."

"Mfuate na pikipiki. Mwambie azime, watoke. Kimbia."

Wakakaa. Watiri alizima redio bila kuombwa. Kingori aliwaza nyasi nyuma ya kiti, na ule mlango unaohitaji nyonga, na kwamba Tabby hakuwa na nyonga za kutosha.

Simu yake ililia. Namba ngeni.

"Baba." Tabby alikuwa anahema. "Nimesikia harufu kama nywele zinaungua. Nikamwambia Garad. Akasema haiwezi kuwa gari, imetengenezwa leo na fundi."

"Uko wapi?"

"Kando ya barabara. Polisi ametupata, moshi ulikuwa umejaa, mlango ukakataa, wakanivuta dirishani. Garad ako sawa. Sanduku imeisha. Baba, gari yote inawaka. Na taa bado ziko on, zinatuangalia tu."

Kingori alishusha simu mapajani. Munyao hakumshika. Aliuliza tu, kwa upole uliomwogofya Kingori kuliko pingu:

"Zingine ziko ngapi?"

Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Kingori alitoka, akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Taa zilikuwa zinakuja mbili mbili kutoka ndani ya ule weupe, kali, safi, hakuna hata moja iliyofifia. Alizijua zote.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni taa!"

Dereva wa lori la maziwa alimwona fundi wake akipunga mikono, akampigia honi ya furaha, akapita. Padri akafuata, akatoa mkono dirishani kumbariki.