Taa ya Kijani Chumbani kwa Mama

Kaka yangu alikwenda kufanya kazi ng'ambo nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo amekuwa mtu wa kutuma vitu. Mablanketi, dawa ya miguu, mashine ya kupimia presha. Mwaka ule mama alipoanguka shambani kwake Kisarawe akavunjika nyonga, nilimhamishia kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, na kaka akatuma spika.

Ilikuwa ya kijivu, ya mviringo, ukubwa wa bakuli la uji lililofunikwa, na juu yake palikuwa na duara la taa. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, simu ya kubonyeza ilikuwa imeshamshinda. Kaka akasema hii haitaki kubonyezwa, inataka kusemeshwa tu. Tatizo ni kwamba haikujua Kiswahili. Basi kaka akamfundisha mama maneno machache ya Kiingereza: ya kuuliza saa, ya kusomewa Kurani, ya kuinyamazisha, na jina la mashine yenyewe, ambalo lazima ulitaje kwanza. Mama, aliyelima mihogo na korosho maisha yake yote, akawa anakaa kitandani akiiita kwa upole, kama mtu anayemwita mkwe.

Taa zake zilikuwa zikibadilika. Ukiita jina, inawaka buluu. Siku nyingine inawaka njano, siku nyingine inatoa mlio mdogo kama kijiko kilichogonga glasi, kisha kijani inazunguka polepole. Sikuuliza maana yake. Kwenye friji yangu nina kile kifaa cha kulinda umeme, nacho kikiwaka kijani maana yake umeme uko sawa. Nikamwambia mama hii nayo ni hivyo hivyo. Ikawa kila kijani ikizunguka ananiita kutoka chumbani, "Umeme mzuri saa hizi, piga pasi!" Nami napiga pasi.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwenye zahanati moja upande wa Kongowe. Nusu ya kazi yangu ni kunyamaza. Watu wananiambia mambo ambayo hawajawaambia waume zao, na nikikutana nao sokoni nawasalimia kama sijui lolote. Nilikuwa najivunia hilo. Ndiyo maana Jumapili moja mchana mama mdogo, mdogo wake mama, alipokuja kutoka Kisarawe kumjulia hali dada yake, alifunga mlango wa chumba akaniambia nami nikae.

"Nina uvimbe hapa," akasema, akagusa kando ya titi la kushoto. "Wamenipa barua ya kwenda kukatwa nyama kidogo ikapimwe. Jumatano ijayo."

Mama akamshika mkono. Mimi nikauliza maswali ya kikazi: umeanza lini, unauma, unatoa maji. Akajibu yote. Kisha akasema lile lililomleta.

"Binti yangu asijue. Mimba mbili zimeharibika, hii ya tatu ndiyo imefika miezi saba. Akisikia atachanganyikiwa. Mpaka ajifungue. Mmenisikia nyote wawili?"

Tukasema tumesikia. Mama akaapa kwa jina la Mungu. Mimi sikuapa, nilimtazama tu, kwa sababu nilidhani kwangu mimi kiapo hakihitajiki.

Siku ya pili yake jioni simu yangu ikaita. Mama mdogo hakunisalimia wala hakungoja shikamoo yangu.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Binti yake alikuwa amelazwa. Presha ilipanda ghafla, miguu imevimba, wanahofia mtoto. Alipoulizwa kilichomshtua alisema kaka yangu alimpigia kutoka ng'ambo kumpa pole, akamuuliza uvimbe wa mama yake unaendeleaje na kipimo ni lini.

Kama ni simu ile iliyompandisha presha au ingepanda tu, mimi muuguzi siwezi kusema. Mimba ya namna ile huweza kubadilika bila kuambiwa habari yoyote. Lakini hilo si jambo la kumweleza mzazi aliyekaa kwenye benchi la wodi. Nilimwambia sikusema. Akasema, "Tulikuwa watatu," na kukata simu.

Nikampigia kaka papo hapo. "Nani amekuambia habari za mama mdogo?"

"Mama aliniambia. Tuliongea naye."

Mama alikuwa amekaa karibu yangu, amesikia. "Mimi?" akasema. "Lini?"

"Jana, mama. Umesahau tu."

Hapo ndipo kilipoanza kipindi ambacho hadi leo sipendi kukikumbuka. Mama aliamini. Hakuwa na sababu ya kudhani mwanawe anaweza kumdanganya, kwa hiyo akaona kasoro iko kichwani mwake. Asubuhi aliniuliza, "Jana tulikula nini? Usiniambie, ngoja niseme mwenyewe." Akataja: wali, mchicha, dagaa. Mchana nilimkuta akiwahesabu majirani zake wa Kisarawe nyumba kwa nyumba, kuanzia msikitini kushuka mpaka kwake, kwa vidole. Akikosa mmoja anarudi mwanzo.

Na mimi nikaamini pia. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilileta kutoka kazini ile karatasi ya maswali ya kupimia kumbukumbu za wazee, nikakaa mbele yake na kalamu. Leo siku gani? Tuko wilaya gani? Rudia maneno haya matatu. Alijibu yote akiwa amenyoosha mgongo kama mtoto mbele ya mwalimu. Tulipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Nimefaulu?"

Nilimwambia amefaulu. Lakini moyoni nikasema ugonjwa huu huanza kwa kujificha.

Jumamosi nilikuwa nabadilisha mashuka chumbani kwake, yeye amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Ule mlio wa glasi ukalia, kijani ikaanza kuzunguka. "Umeme mzuri," mama akasema, kwa mazoea tu. Nikaendelea kutandika. Tukaongea kidogo kuhusu foronya moja iliyopotea. Ndipo spika ikakohoa.

Kikohozi cha mwanaume, kifupi, cha kusafisha koo. Mama akageuza kichwa. "Nani huyo?"

Mimi kile kikohozi nakijua. Marehemu baba alikuwa nacho, na mtoto wake mmoja alikirithi.

"Kaka?" nikasema.

Kijani ikazimika.

Nilikwenda kabatini nikatoa boksi la spika, nikakuta kile kijikaratasi cha maelezo ambacho sikuwahi kukikunjua. Maandishi madogo ya Kiingereza, nikayasoma nimesimama. Buluu: imesikia jina lake, inasikiliza unachosema. Njano: una ujumbe. Nyekundu: umebonyeza kitufe cha juu, imeziba masikio. Kijani: kuna simu, au mtu uliyemruhusu ameingia na yuko nawe chumbani. Na mwenye kuruhusu alikuwa kaka mwenyewe, kwa sababu mashine nzima iliunganishwa na simu yake.

Nikakumbuka kijani zote. Kijani mama akibadilishwa nguo. Kijani nikimlalamikia mama kuhusu mume niliyeachana naye. Kijani ya Jumapili ile sikuikumbuka, sote tulikuwa tunamtazama mama mdogo.

Kaka hakupokea mpaka alasiri. Nilipompata hakukana.

"Sikuwa nachunguza mtu," akasema. "Nikitoka kazini naiwasha. Nasikia mama anakohoa, anasali, wewe unaosha vyombo. Nakula nikiwasikiliza. Huku nyumba nzima hakuna sauti, mdogo wangu."

"Ungesema hodi."

"Ningesema hodi mngeanza kuongea na mimi. Nilitaka muongee kama sipo."

"Na kumwambia mama amesahau?"

Hapo akalia. Nilimwacha alie.

Mama akaomba simu. Hakumgombeza. Alitaka kujua jambo moja tu: hiyo mashine inaweka inachosikia? Kaka akasema inaweka vipande, pale inapodhani imeitwa. Mama akamwambia avifungue avisikilize, amtajie kilichomo. Tukasubiri. Vingi vilikuwa saa na Kurani. Lakini vipo vingine, kaka akasema, ambavyo mashine ilikosea, ilisikia neno lingine ikadhani ni jina lake.

"Neno gani?"

"Ya Latifu, mama. Ni nyingi. Unasema Ya Latifu, kisha unaomba."

Mama akashusha simu mapajani. "Kwa hiyo nilipokuwa namwita Mungu," akasema, "huyu ndiye aliyekuwa anaitika."

Kaka alivifuta, au alituambia amevifuta. Nilichomoa waya mbele ya mama, nikampa spika aishike ajue imepoa. Wiki ile ile akataka kurudi Kisarawe, nyonga ikiwa bado haijapona sawasawa. Nilimsihi, akasema chumba kile hakimpi usingizi.

Binti wa mama mdogo alijifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini amekua. Kipimo cha mama mdogo kilisogezwa kwa sababu siku yake ilimkuta wodini na bintiye. Majibu yalikuwa mabaya, wakamtoa titi, na mpaka sasa anaendelea vizuri. Kama zile wiki zilizopotea zilikuwa na uzito, madaktari hawakumwambia, naye hakuuliza.

Nilimweleza yote, na mama akathibitisha. Mama mdogo alisema amenielewa, tena akaniomba radhi kwa kuniwazia vibaya. Kaka naye alimpigia kumwomba radhi, na mama mdogo akamsamehe.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe kuwaona. Niliwakuta dada hao wawili ukumbini kwa mama, wamekaa mkekani wanachambua kisamvu, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikasalimia, nikakaa nao, nikaweka simu yangu mkekani kama ninavyofanya siku zote. Mama mdogo alikatiza maneno yake. Akaendelea kuchambua, jani moja baada ya jingine, mpaka nikaelewa. Nikainuka, nikaipeleka simu nje, nikaiacha juu ya ukuta wa kisima. Niliporudi walikuwa wameshahamia kwenye habari za mvua.